Mgeni wa Meza ya Tano

Watu wote wa Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, walijua kwamba hakuna aliyemshinda Bi Thuwaiba binti Hamadi kwa kukaanga mihogo. Jambo wasilolijua, na lilikuwa mbele ya macho yao kila siku ya Mungu, ni kwamba hakuna aliyemshinda kwa drafti pia. Wangelijuaje? Mama wa watu alikuwa hajasukuma kete hata moja tangu azaliwe.

Hebu lielezwe taratibu, maana watu wa Tanga kwa ubishi hawajambo.

Bi Thuwaiba alikuja mjini kutoka Pemba akiwa mke wa Abdulwakil, kuli wa bandarini, miaka ile watu walipokuwa wakianza kupanga foleni za sukari. Abdulwakil alikuwa mgonjwa wa drafti. Alipofariki, Mungu amrehemu, alimwachia mkewe nyumba ya vyumba vitatu na kundi la wanaume kumi ubavuni mwa nyumba, wanaocheza drafti na wasiotaka kuondoka. Mjane akafikiri, akaona kufukuza watu si ustaarabu. Akaweka jiko la mkaa hatua tatu kutoka kwenye ubao wao, akatundika karai, akaanza kukaanga mihogo. Wateja walikuwa wameshakaa.

Bingwa wa kijiwe kile alikuwa Idarusi, fundi mitambo wa kiwandani, rafiki kipenzi wa marehemu. Jitu la miraba minne lenye sauti ndogo, lakini likikaa mbele ya ubao hata kunguru hunyamaza. Kiti chake kilikuwa kreti ya mbao ya soda, na hakuna mwingine aliyethubutu kuikalia. Na kijiwe kilikuwa na sheria moja, imeandikwa ukutani kwa chaki, mvua ikiifuta inaandikwa tena: MTAZAMAJI HANA MDOMO. Ukitia neno watu wanapocheza, unawanunulia soda wote waliopo. Sheria hiyo iliheshimiwa kuliko za serikali.

Bi Thuwaiba alikuwa akigeuza mihogo, macho yako ubaoni. Mwaka wa kwanza aliona visoda, vile vifuniko vya chupa waliovifanya kete, vinasukumwa tu. Mwaka wa pili akaanza kuelewa nani anamtegea nani. Mwaka wa tatu alikuwa anaona hatua nne mbele, tena akiwa amesimama upande, na moshi machoni. Siku moja akashindwa kujizuia, akasema, "Jamani, nami nicheze mkono mmoja." Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Manase, Mshambaa mmoja mrefu, karani wa kiwandani, ndiye aliyemjibu: "Mihogo itaungua, Bi Thuwaiba!" Idarusi hakucheka, lakini hakusema kitu pia. Akaendelea kupanga kete zake. Bi Thuwaiba alirudi jikoni, na neno lile likamkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Ulipofika mwaka wa themanini na tatu, dhiki ilikuwa dhiki kweli. Sabuni hakuna, sukari hakuna, na kwa kuwa soda nayo hakuna, visoda vya kuchezea vikapotea. Wanaume wakakaa wanautazama ubao mtupu kama wafiwa. Bi Thuwaiba akawahurumia. Akakata vipande kumi na viwili vya muhogo vikabaki vyeupe, na kumi na viwili vingine akavipaka masizi. Mchezo ukarudi. Mbuzi wa jirani akaja akala kingi ya Manase, kete iliyokwisha kufika mwisho wa ubao, na kesi ile ilifika mpaka kwa balozi wa nyumba kumi.

Ni kwa kete hizo za muhogo jambo lenyewe lilipoanza. Idarusi alikuwa anacheza na mgeni machachari kutoka Muheza, watu wamejaa. Akanyanyua kete kuipeleka mahali ambapo angeliwa tatu kwa mpigo. Bi Thuwaiba akaona. Roho ikamruka. Mchezo mzuri namna ile uharibiwe na haraka ya mkono mmoja! Mdomo hakuwa nao, lakini upawa alikuwa nao. Akaugonga kwenye ukingo wa karai: nga! Mkono wa Idarusi ukabaki hewani. Akautazama ubao upya, akairudisha kete, akacheza nyingine. Akashinda, na yule wa Muheza akaondoka na basi la mwisho.

Ikawa hivyo miaka ishirini. Si kila siku, usidhani. Idarusi alikuwa mchezaji haswa. Mara moja kwa wiki, pengine mara mbili. Karai lilie, bingwa afikiri tena. Nani angeshuku? Karai la mihogo lisipogongwa na upawa ligongwe na nini? Idarusi mwenyewe hakuwahi hata kugeuza shingo, na Bi Thuwaiba aliamini kwamba yule mtu hajui, kwamba anadhani ni bahati yake tu. Watu walipombeba bingwa juu juu, mama wa watu alikuwa anapuliza mkaa na kujivunia peke yake.

Katikati ya miaka hiyo ikaja biashara huria. Mitumba ikajaa, redio za Dubai zikajaa, sukari ikarudi madukani, na viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Yale mashindano ya drafti ya viwanda ambayo Idarusi alikuwa ameshinda mara sita yakafa pamoja na viwanda vyenyewe. Siku aliyopunguzwa kazini alikuja kijiweni na ovaroli yake mkononi, akasema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akafungua banda la kutengeneza baiskeli. Lakini ilimuuma, na kila mtu aliona.

Kijiwe nacho kikaanza kupukutika. Huyu amekufa, huyu amerudi kwao Maramba kulima. Vijana hawaji. Na kwa nini waje? Pale mgeni akifungwa alivishwa kichwani kata ya kubebea ndoo, akae nayo anachekwa mpaka apatikane mwingine wa kufungwa. Kijana alivaa kata mara moja, hukumwona tena. Kufikia mwaka wa elfu mbili na tatu walibaki wanne: Idarusi, Manase, Sadalla muuza kahawa, na Nasri, ambaye walimwita "mgeni" ingawa alikuwa ana miaka kumi na moja pale.

Mwaka huo huo Sabiha, binti wa nyumba ya pili, alirudi kutoka Dar es Salaam na kompyuta sita, akafungua chumba cha intaneti kinachopakana na jiko la Bi Thuwaiba. Vijana wakajazana kama siafu. Idarusi akavumilia wiki mbili, ya tatu akaingia kwenda kuona ni uchawi gani unaowakamata. Akamkuta kijana anacheza na mtu wa Brazil. Anacheza nini? Drafti! Ubao ule ule, kete zile zile kumi na mbili. Idarusi akavuta kiti.

Mchezo wake wa kwanza ulikuwa wa aibu. Alilisha kete tatu makusudi ili apate kingi, akaipata, akaishika ile kingi aipeleke kona ya pili ya ubao. Kingi ikagoma, ikarudi mahali pake. Akajaribu tena, ikarudi tena.

"Sabiha, mwanangu, mtambo wako umeharibika."

"Haujaharibika, baba. Kingi yetu ndiyo inayopaa ubao mzima. Hawa wa mtandaoni kingi yao inakwenda hatua moja moja tu, mbele au nyuma."

"Kingi gani ya kutembea kwa miguu?" Idarusi aliuliza, amekasirika kweli. Mbrazil akamla zote.

Lakini mtu akishapenda amependa. Baada ya mwezi kijiwe kizima kilikuwa kimehamia kwa Sabiha kila alasiri, na Bi Thuwaiba alikuwa anawaona kupitia dirishani, karai lake hatua tatu vile vile. Mtandao ule ulikuwa na nyota: ukicheza vizuri unapanda. Wote wanne wakapanda mpaka nyota ya tatu, wakanasa hapo. Wakamlaumu Sabiha.

"Si mimi," Sabiha akasema. "Nyota ya nne hupewi kwa kushinda tu. Lazima umshike mkono mgeni. Mgeni akiingia, mkongwe anakaa naye, anamwonyesha, akifungwa hamcheki. Wenye mtandao wana akili zao: bila wageni, nyinyi wakongwe mtabaki kuzeeka wenyewe kwa wenyewe. Si ndiyo maana ya mgeni njoo mwenyeji apone? Nyinyi wageni wenu mmewafanya nini?"

Nje, Bi Thuwaiba alisikia kila neno, akasahau kugeuza mihogo.

Ndipo Mombasa wakachokoza. Watani wetu wa ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, kwa maneno hawajambo. Kijiwe chao kimoja kiliwaandikia kijiwe cha Barabara ya Kumi na Mbili kwenye mtandao kwamba Tanga ilikuwa mji zamani, na drafti yao imekwisha pamoja na mkonge. Wakataka mechi: meza tano, mtu kwa mtu, ichezwe baada ya wiki tatu. Na kwa sheria ya mtandao meza ya tano lazima akae mgeni, mtu ambaye hajafikisha michezo hamsini, na ushindi wake unahesabiwa pointi mbili.

"Wanne tupo," Idarusi akasema. "Mgeni tutampata wapi?"

Wakawauliza vijana wote wa pale ndani. Mmoja akajibu kwa niaba ya wenzake, bila hata kutoa macho kwenye kioo: "Tuje tuvishwe kata? Shukrani, mzee."

Bi Thuwaiba akafuta mikono kwenye kanga, akasimama mlangoni.

"Mimi," akasema.

Manase akacheka kwa mazoea. "Mihogo itaungua, Bi Thuwaiba."

"Iungue!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, na mpaka wale vijana wakageuka. "Miaka ishirini na zaidi nasimama pale nawatazama. Nimewakatia kete za muhogo mkacheza. Mnataka mgeni, mgeni mimi hapa. Au mnataka mgeni mwenye ndevu?"

Sadalla akakohoa. Manase akaona afadhali apatane: "Haya, acheze. Lakini tumwandike jina jingine, la kiume. Mombasa wakijua tumeweka mama muuza mihogo watatucheka mpaka kiama."

Bi Thuwaiba hakumtazama Manase. Alimtazama Idarusi. Kucheza alitaka, ndiyo, lakini alichotaka kuliko vyote ni hicho kimoja: aketi mbele ya ubao na jina lake, si kivuli cha mtu. Na kama huyu naye atanyamaza kama alivyonyamaza siku ile, basi alikuwa ameshaapa moyoni kwamba anazima jiko, anaondoka, na karai halitalia tena.

"Jina langu zima," akasema, "na la baba yangu."

Idarusi alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Andika, Sabiha," akasema mwishowe. "Thuwaiba binti Hamadi."

Kila baada ya adhuhuri, wateja wakipungua, Bi Thuwaiba aliketi na Sabiha. Siku za kwanza mausi ya kompyuta ilimkimbia mkononi. Mchezo wa kwanza alifungwa na mtu wa Polandi, na alipokwisha kufungwa akainamisha kichwa, kana kwamba anangoja kuvishwa kata. Maneno yakatokea pembeni mwa kioo.

"Anasema nini?" akauliza.

"Anasema umecheza vizuri kwa mgeni. Ukitaka, atakuonyesha ulipokosea."

Bi Thuwaiba alitoa ncha ya kanga akafuta jicho, akasingizia moshi, na humo ndani moshi haukuwepo. Mpolandi akamwonyesha. Kesho yake akaja tena. Alifungwa mara tisa mfululizo, ya kumi akashinda, akapiga kigelegele kilichowatoa watu mbio kutoka dukani mkabala. Na kwa kuwa mkono wake haukuwa na mazoea ya ubao wowote, alijifunza sheria za mtandao kama zilivyo. Kingi inakwenda hatua moja? Sawa, hatua moja. Wiki ya tatu ilipokwisha alikuwa amecheza michezo arobaini na sita, na ameshinda zaidi ya nusu.

Jumamosi ya mechi, baada ya sala ya alasiri, Bi Thuwaiba alizima jiko. Alivaa kanga mpya zilizoandikwa NIMENYAMAZA NAJUA, akaenda kuketi ndani, kiti cha nyuma kabisa, kungoja zamu yake. Chumba kilijaa, dirisha likajaa, na watoto wakapanda juu ya ukuta. Meza zilichezwa moja moja ili kila mtu aone. Nasri akashinda. Manase akafungwa, akasema kioo kilikuwa kinamulika. Sadalla akashinda, akamwaga kahawa. Mbili kwa moja.

Akaketi Idarusi. Alicheza vizuri, akamminya Mmombasa mpaka mwisho mwisho. Halafu ikaja hatua moja ngumu. Akaishika kete, mkono ukasimama. Akainamisha kichwa kidogo, sikio likaelekea dirishani, akangoja. Nje kulikuwa kimya. Karai lilikuwa limefunikwa kwenye jiko baridi, na mwenye upawa alikuwa nyuma yake hatua mbili, ameshika magoti kwa nguvu, ameiona hatari tangu zamani. Moyo ukamwambia akohoe. Hakukohoa. Mtazamaji hana mdomo. Idarusi akaisogeza kete, na Mmombasa akala tatu.

Mbili kwa mbili. Idarusi akasimama, akapita katikati ya watu bila kumtazama mtu, akatoka nje. Watu wakampisha kwa heshima, maana walidhani anakwenda kulia.

"Bi Thuwaiba," Sabiha akaita. "Meza ya tano."

Mpinzani wake alijiandika "Mgeni Mpole". Mpole wapi! Hatua ya kwanza mpaka ya sita alizicheza harakaharaka kama mtu anayemenya karanga. Nasri akapayuka: "Huyu si mgeni! Huo ni ufunguzi wa wazee wa vijiweni. Wamemwandikisha jana, wallahi!" Na ndivyo ilivyokuwa. Mombasa walimchukua mkongwe mwenye miaka arobaini ya ubao, wakamfungulia jina jipya, na kwa hesabu ya mtandao akawa mgeni. Watu wakaanza kupiga kelele mechi ivunjwe.

"Mwacheni," Bi Thuwaiba akasema. "Huku ndani ni mgeni kama mimi. Nyamazeni nicheze."

Mchezo ulikuwa mgumu. Mpole alimla moja, akabaki na sita, Bi Thuwaiba ana tano. Jasho likamtoka kwenye mikunjo ya shingo. Ndipo akaona. Mkongwe yule alikuwa na uchu wa kingi. Kila kete yake ilikuwa inakimbilia mwisho wa ubao upande wa kulia. Basi apewe! Ukimlisha mbili pale, atazila kwa pupa, atatua kwenye kona, atakuwa kingi. Na nyuma yake ataacha njia wazi ya kuliwa tatu. Bi Thuwaiba akahesabu mara mbili, akaweka mkono kwenye mausi, akaanza kuipeleka kete ya kulisha.

Nga!

Chumba kizima kikashtuka. Sauti ilitoka nje, jikoni, ambako hakuna mtu aliyekuwa anakaanga.

Nga! Nga!

Bi Thuwaiba aliijua sauti ile kuliko sauti ya mlango wake. Aligeuza jicho. Dirishani, nyuma ya vichwa vya watoto, alisimama Idarusi, upawa mkononi, karai mkononi, macho yamemtoka, anaangalia kioo. Damu ikampanda usoni. Anajua! Yule mtu anajua, na alikuwa anajua siku zote. Hata leo alikuwa ameinamisha sikio akilingoja karai limwokoe. Furaha ikamjaa, na hasira ikaja juu yake papo hapo, vyote kwa pamoja, mpaka akataka kucheka na kupiga mtu.

Lakini saa ya mchezo ilikuwa inakwenda. Akarudisha macho ubaoni. Ananionya nini? Akautazama ubao kwa macho ya Idarusi, akaona: kingi. Kwenye ubao wa kijiweni, kingi ile ya kona ingepaa, ingefagia kila kitu. Idarusi ana nyota tatu na miezi mizima mtandaoni, lakini roho ikishikwa na hofu hurudi nyumbani. Mazoea yana tabu.

"Umekosea, shemeji," Bi Thuwaiba akasema taratibu, akabonyeza.

Nje upawa ukaanguka chini. Mpole akala mbili kwa pupa, akatua kwenye kona, akawa kingi. Mombasa nzima, inawezekana, ilishangilia. Bi Thuwaiba akala tatu. Tatu kwa tatu, na ile kingi iko kwenye kona, mbele yake kete mbili za Bi Thuwaiba zimeilinda kama askari mlangoni.

Ikawa zamu ya Mpole. Nusu dakika ikapita. Dakika ikapita. Saa yake inakula tu. Halafu maneno yakatokea pembeni, kwa Kiswahili: "Kingi yangu haiendi."

Mtu mmoja akacheka, akafuata mwingine.

"Mtambo umekufa?" Mpole akaandika tena.

"Mwandikie," Bi Thuwaiba akamwambia Sabiha, uso mkavu kabisa. "Haujafa, shehe. Huku kingi hutembea kwa miguu."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka Barabara ya Ishirini. Mkongwe wa watu, mikono imemchanganyikia, saa inamwishia, alisukuma kete mbele ovyo. Bi Thuwaiba akaila. Hatua nane baadaye hakukuwa na kilichobaki cha kusogeza. Kwenye kioo ikaandikwa nne kwa mbili, na chini yake, kwa herufi kubwa ambazo Sabiha aliwasomea wote kwa sauti, jina la mshindi wa meza ya tano: Thuwaiba binti Hamadi.

Ngamiani ilipiga vigelegele. Nasri alilia bila haya. Manase alikuja mbele, mrefu kama mnazi, akamwinamia, akasema, "Bi Thuwaiba, ulimi wangu ulikosa adabu." Akamjibu, "Ulikosa miaka mingi, Manase. Lakini nimesikia." Kisha akajipenyeza katikati ya watu akatoka nje, watu wakimfuata nyuma.

Idarusi alikuwa amesimama kando ya jiko, ameuokota upawa.

"Tangu lini unajua?" Bi Thuwaiba akamwuliza. Hakushusha sauti.

"Tangu kete za muhogo."

"Mara ya kwanza kabisa?"

"Mara ya kwanza kabisa, shemeji. Karai lilikuwa halina kitu siku ile. Nani anageuza mihogo isiyokuwepo?"

"Na hukusema! Miaka ishirini ulijua nani anaona na nani haoni, na hata siku moja hukuniambia, Thuwaiba, keti. Uliniacha na moshi wangu." Akaupiga ukingo wa jiko kwa kiganja. "Ungesema mara moja tu, Idarusi."

Jitu lile la miraba minne lilitikisa kichwa, na machozi yakashuka mbele ya watu wote, wakubwa kwa watoto.

"Nilikuwa na haya," akasema. "Kiwanda kilikufa, ubingwa ukafa, nikabaki na jina tu. Nikaona nikilisema hilo, na jina nalo limekwenda." Akageuka, akainua ile sauti yake ndogo mpaka ikafika ukutani kwenye maandishi ya chaki. "Sikilizeni! Vikombe sita vya viwanda mnavyovijua, nimevishinda mimi. Lakini hapa kijiweni, kila mliponibeba juu, mngembeba na huyu mama. Mimi nilikuwa na mkono. Macho yalikuwa yake."

Akaenda akaichukua kreti ya mbao, akaipangusa kwa kofia yake, akaiweka mbele ya ubao.

"Keti, shemeji. Mihogo leo nakaanga mimi."

Bi Thuwaiba akaitazama kreti. Akakunja kanga vizuri, akaketi, akajiweka sawa kama mtu anayejua hatanyanyuka karibuni. Akapanga visoda vyake kumi na viwili, kimoja kimoja, bila haraka. Halafu akainua macho, akamwona yule kijana aliyekataa kuvishwa kata, amejibanza nyuma ya wenzake.

"Njoo," akamwambia. "Mgeni aanze. Kata nimeichoma asubuhi."

Kijana akaja, akaketi, akasukuma kete ya kwanza. Watu wakazunguka tabaka tatu. Nyuma yao moshi ulikuwa unapanda vibaya, harufu ya muhogo ulioungua imeshika mtaa mzima, na Idarusi, upawa mkononi, hakuwa na habari, amenyoosha shingo ubaoni.

"Shemeji," Bi Thuwaiba akasema, bila kugeuka. "Na hilo karai lisilie."